Kuzuru mashamba ya mizabibu ya Napa na Sonoma msimu wa mavuno: mwongozo kamili

Ukipita barabara ya Silverado Trail saa kumi alfajiri mwezi wa Septemba, unaweza kudhani kuna harusi katikati ya shamba. Taa kubwa zinamulika kutoka juu ya trekta, watu wanakimbia kati ya mistari ya mizabibu wakiwa na taa vichwani, redio inapiga muziki wa Meksiko, kreti za plastiki zinagongana. Hakuna harusi. Ni mavuno hayo, na jua likishachomoza vizuri kazi ya siku karibu imekwisha. Mgeni wa kawaida huamka saa mbili, akanywa kahawa taratibu, akafika kiwanda cha kwanza cha mvinyo saa tano, akaonja glasi tano, akapiga picha mbele ya mapipa, akaondoka. Ameona duka tu.

Safari yangu ya kwanza nilikuwa mgeni wa namna hiyo. Viwanda vinne kwa siku moja, na cha nne sikikumbuki hata jina. Mwongozo huu ni wa kwenda kwa njia nyingine: viwanda viwili kwa siku, ukianza asubuhi, katika wiki uliyoichagua kwa sababu, ukijua unachokitazama. Mahali penyewe ni kaunti za Napa na Sonoma, kaskazini mwa San Francisco, California. Na vuli ya huko, ambayo ndiyo msimu wa mavuno, isikuchanganye: si msimu wa mvua, ni majira ya majani kugeuka rangi na kupukutika. Mpaka katikati ya Oktoba hali kwa kawaida ni kavu, mchana joto, usiku baridi.

1. Chagua wiki kabla ya kuchagua kiwanda

Watu huuliza "mavuno ni lini?" kana kwamba ni sikukuu yenye tarehe. Mavuno huchukua karibu miezi mitatu, kwa sababu kila aina ya zabibu huiva kwa wakati wake na kila kipande cha bonde kina joto lake.

Mwanzoni mwa Agosti huanza zabibu za mvinyo wa mapovu, nyingi zikitoka Carneros, kusini kabisa, ambako ukungu wa ghuba ya San Pablo huingia na kupoza mashamba. Hizi huchumwa zikiwa bado na ukali, sukari ikiwa asilimia 18 hadi 20 ya uzito wa juisi, maana mvinyo wa mapovu unautaka ukali huo. Baadaye Agosti hufuata Sauvignon Blanc, aina ya zabibu nyeupe. Chardonnay, nyeupe pia, na Pinot Noir, nyekundu, hushika mwisho wa Agosti na sehemu kubwa ya Septemba, Zinfandel na Merlot, nyekundu zote mbili, zikizifuata kwa karibu. Cabernet Sauvignon, zabibu nyekundu ambayo ndiyo mwenye nyumba pale Napa, huanza kama katikati ya Septemba na kwenda hadi mwisho wa Oktoba, na kwenye mashamba ya mlimani mara nyingine hugusa Novemba. Zabibu hizo husubiriwa hadi sukari ifike asilimia 24 hadi 26. Mwaka wa joto huvuta ratiba yote mbele, mwaka wa baridi huirudisha nyuma, na mvua moja ya mapema inaweza kuwafanya watu wachume usiku na mchana bila kulala.

Kama unataka kuona kazi ikiwa imechemka, nenda kati ya wiki ya tatu ya Septemba na wiki ya kwanza ya Oktoba. Hapo zabibu nyeupe zinamalizika, nyekundu zimeshika kasi, matangi yanafuka na kila mtu hajalala. Kama unataka majani ya dhahabu na picha nzuri, nenda kati ya wiki ya mwisho ya Oktoba na katikati ya Novemba. Zabibu utakuta zimeshachumwa, lakini mlima mzima umebadilika sura. Na kama shabaha yako ni kuongea na watu, Novemba haina mpinzani. Mtengeneza mvinyo ambaye Septemba alikupungia mkono akikimbia, Novemba ana nusu saa ya kukueleza kwa nini alichuma Jumanne na si Alhamisi.

Mimi huchagua wiki ya mwisho ya Septemba, Jumanne hadi Alhamisi. Jumamosi za Oktoba siziendi tena. Vyumba hupanda bei vibaya, barabara kuu ya 29 husimama kama maegesho, na mhudumu anayekumiminia ana meza nyingine sita zinamsubiri.

2. Napa au Sonoma?

Napa ni bonde moja refu na jembamba, takriban kilomita 48 kwa urefu, likibanwa na milima ya Mayacamas upande wa magharibi na Vaca upande wa mashariki. Kutoka kusini kwenda kaskazini miji imepangana kama shanga: Napa, Yountville, Oakville, Rutherford, St. Helena, Calistoga. Barabara ni mbili tu za maana. Ile ya 29 inapita magharibi katikati ya miji na ina msongamano; Silverado Trail inapita mashariki, haina miji, na ndiyo ya kutumia kila inapowezekana. Kati yake kuna vijibarabara vya kukatiza kama Oakville Cross Road na Zinfandel Lane. Ukishaelewa ngazi hiyo, yaani nguzo mbili na vipago, huwezi kupotea.

Sonoma ni kubwa zaidi na imetawanyika. Kuna bonde la Sonoma lenyewe, kutoka mji wa Sonoma kupitia Glen Ellen na Kenwood. Kisha kaskazini, mji wa Healdsburg umezungukwa na mabonde matatu yasiyofanana: Russian River kwa Pinot Noir, Dry Creek kwa Zinfandel, Alexander Valley kwa Cabernet. Kwa jumla bei ni nafuu kuliko Napa, viwanda vingi ni vya familia, na sehemu nyingi zitakuruhusu kukaa chini ya mti na chakula chako.

Ushauri wangu kwa mwenye siku tatu: siku mbili Napa, moja Sonoma, na usizichanganye katika siku moja. Kwenye ramani yanaonekana kugusana, lakini njia ya Oakville Grade inayopanda mlima kati yao ina kona za kumtapisha abiria aliyekwisha kuonja, na njia ya chini kupitia Carneros hujaa magari jioni. Mwenye siku moja tu achague Healdsburg. Najua wapo watakaobisha.

Malazi siyasemei mengi. Lala katika mji ambao unaweza kwenda kula chakula cha jioni kwa miguu: Napa mjini, St. Helena, Calistoga, Sonoma au Healdsburg. Hilo peke yake linakuondolea tatizo la nani ataendesha usiku.

3. Weka miadi, na uombe kitu mahususi

Napa huendi tu ukabisha hodi. Mwaka 1968 kaunti ilitenga ardhi ya bonde kwa kilimo ili nyumba na maduka visiimeze, na mwaka 1990 ikapitisha kanuni kwamba viwanda vipya vipokee wageni wa kuonja kwa miadi. Ndiyo maana viwanda vingi vitakuuliza jina lako getini, na ndiyo maana hiyo hiyo bonde bado lina mizabibu na si vitongoji. Vile vya zamani zaidi vina uhuru zaidi kidogo, lakini msimu wa mavuno hata huko ni busara kubuku. Wiki tatu hadi nne kabla zinatosha kwa siku za katikati ya wiki. Kwa Jumamosi ya Oktoba anza miezi miwili kabla.

Kosa la wengi ni kujaza fomu ya mtandaoni, kuchagua "kuonja kwa kawaida" na kuishia hapo. Tuma ujumbe mfupi pia. Sema mko wangapi (zaidi ya sita utapata shida), sema tarehe, kisha uliza maswali mawili: wiki hiyo mtakuwa mnapokea zabibu gani, na je, kuna uwezekano wa kusimama dakika kumi pale zabibu zinapopokelewa? Wengine watakataa kwa sababu za usalama na bima, na wana haki. Lakini kiwanda kidogo kikiona unauliza kuhusu kazi, mara nyingi kitakujibu: njoo saa tatu na nusu badala ya saa tano, vaa viatu vya kufunika vidole. Jibu hilo likija, umeshapata safari yako.

Ada ya kuonja Napa mara nyingi huanza dola 40 na kupita 100 bila haya; Sonoma bado unaweza kupata za dola 25 au 30. Uliza kama ada inafutwa ukinunua chupa, na ngapi. Uliza pia sharti la kughairi, kwa sababu wengi huchukua namba ya kadi na hukata pesa usipotokea. Mimi niliwahi kukatwa ada ya watu wanne kwa sababu tulichelewa dakika arobaini nyuma ya trekta. Nilikasirika siku nzima, kisha nikasoma tena ujumbe wa uthibitisho: ilikuwa imeandikwa.

Umri wa kunywa Marekani ni miaka 21. Beba pasipoti au kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa, hata kama una mvi. Na kama una watoto, uliza mapema, kwani viwanda kadhaa haviwapokei kabisa.

Kuhusu majina, usikimbilie yale yanayojulikana tu. Lakini kama unapenda historia, changanya moja la zamani na moja dogo. Buena Vista pale Sonoma ni la mwaka 1857, Charles Krug la 1861, Beringer la 1876, yote mawili ya mwisho yakiwa St. Helena. Na kwa wapenda ushindani: tarehe 24 Mei 1976 mjini Paris, majaji wa Kifaransa walionja bila kuona lebo wakaipa nafasi ya kwanza Chardonnay ya Chateau Montelena ya Calistoga, na kwa mvinyo mwekundu Cabernet ya Stag's Leap Wine Cellars iliyo Silverado Trail. Zote zilikuwa za mwaka 1973. Viwanda hivyo viwili bado vinapokea wageni.

4. Nani anaendesha?

Fanya hesabu hii kabla hujakodi gari. Kituo kimoja hutoa mvinyo wa aina nne hadi sita, kila mmiminio mililita 30 hadi 60. Chukua wastani: mitano ya mililita 45 ni mililita 225. Vituo viwili ni 450, zaidi ya nusu chupa. Vituo vitatu umekaribia chupa nzima, kwenye jua, na mvinyo wa Napa mara nyingi una kilevi cha asilimia 14 au 15. Kikomo cha kisheria cha kilevi kwenye damu ya dereva California ni asilimia 0.08, na polisi wa bonde hilo wanajua vizuri ni saa ngapi vyumba vya kuonjea hufungwa.

Njia zilizo salama ni hizi: mmoja wenu asinywe siku hiyo, au mnakodi dereva kwa muda wa saa sita (baadhi huendesha gari lako mwenyewe, jambo linalopunguza gharama), au mnakaa mahali pamoja mnatembea kwa miguu. Teksi za kuitwa kwa simu zipo tele Napa mjini, lakini kadiri unavyopanda kuelekea Calistoga jioni ndivyo zinavyoadimika. Kuna njia ya baiskeli, Vine Trail, ambayo kipande cha Napa hadi Yountville ni tambarare na kizuri asubuhi. Garimoshi la watalii linalotoka Napa hadi St. Helena ni zuri kwa mtu anayependa garimoshi. Kwa mtu anayependa mashamba, ni kioo kati yako na shamba.

Chupa iliyofunguliwa haikai ndani ya gari pamoja nanyi. Iweke kwenye buti.

5. Asubuhi ya siku yenyewe

Vaa nguo za kuvua moja moja. Asubuhi ukungu unaweza kukupa nyuzi 10, saa nane mchana ikawa 30 kule Calistoga huku Carneros bado kuna upepo baridi. Viatu vya kufunika, visiwe vyeupe, na visigino virefu viache hotelini, kwa sababu sakafu ya kiwanda huwa na maji na shamba lina madongo. Usijipulize manukato, pua ya jirani yako mezani inafanya kazi. Kunywa maji, kula staftahi ya mayai au kitu chenye mafuta kidogo, na ufike miadi ya kwanza saa tatu na nusu au saa nne. Asubuhi ulimi haujachoka, malori ya mwisho ya usiku ndiyo kwanza yanashusha, na mhudumu hajarudia maneno yale yale mara nane.

Miadi ya pili iweke saa saba au saa nane, chakula kikiwa katikati. Usiweke ya tatu.

6. Ukiwa shambani

Subiri ualikwe kuingia kati ya mistari. Mizabibu ni mali ya mtu, na wadudu na magonjwa husafiri kwa viatu na mikono. Usichume. Omba, na karibu kila mara utapewa zabibu moja.

Sasa ifanyie haki. Zabibu ya mvinyo ni ndogo kuliko ya mezani, ganda nene, tamu kupita kiasi. Ibonyeze kwanza: iliyoiva inalegea kidogo. Iweke mdomoni, ipasue, meza juisi, bakisha ganda na kokwa. Lisage ganda kwa meno ya nyuma. Ule mkwaruzo unaokausha fizi ndio utakaouhisi kwenye glasi miaka mitatu baadaye. Kisha temea kokwa kiganjani uziangalie: kijani maana yake bado, kahawia kama kahawa iliyokaangwa maana yake tayari, na zinavunjika kwa sauti. Watengeneza mvinyo wana kifaa cha kupima sukari, lakini nimewaona wengi wakitembea kati ya mistari wakitafuna na kutema hivi hivi, wakitazama kiganja.

Angalia mikono ya wavunaji ukibahatika kuwakuta. Kisu kidogo kilichopinda kama ukucha, mkono mmoja unashika kichala, mwingine unakata, kreti inasukumwa kwa mguu. Kichala kimoja hakichukui sekunde mbili. Wengi ni Wameksiko au wana asili ya huko, na "buenos días" (habari za asubuhi kwa Kihispania) inasikika vizuri kuliko kamera ya ghafla. Omba kabla ya kupiga picha ya mtu, na usisimame kwenye njia ya trekta. Kwa nini wachume usiku? Zabibu baridi hazipasuki njiani, hazianzi kuchachuka kabla ya kufika kiwandani, na mtu hafanyi kazi nzito kwenye nyuzi 35.

Halafu kuna suala la majani mekundu. Mwishoni mwa Oktoba utaona mistari fulani imewaka nyekundu, na watalii wote wamesimamisha magari hapo. Picha ni nzuri kweli, lakini mkulima anayaangalia kwa uchungu. Mizabibu mingi yenye afya hugeuka manjano. Wekundu mkali kwenye mizabibu ya zabibu nyekundu mara nyingi ni dalili ya virusi vinavyozuia sukari kufika kwenye tunda. Ipo mizabibu isiyo na hatia, aina ya Alicante Bouschet kwa mfano, ambayo majani yake huwa mekundu kwa asili. Ukimuuliza mwenyeji "huu wekundu ni aina au ni ugonjwa?" atakuangalia mara mbili.

7. Ukiwa kiwandani

Harufu itakufikia kabla ya kelele: mkate mbichi, juisi, na kitu kama ndizi zilizoiva sana. Ni hamira ikila sukari. Zabibu zikishamiminwa kutoka kwenye kreti hupita juu ya meza inayotikisika, watu pande zote mbili wakitoa majani, vijiti, konokono wa bahati mbaya. Mashine hunyofoa vikonyo. Za mvinyo mweupe huenda kukamuliwa moja kwa moja. Za mwekundu huingia tangini na maganda yake, kwa sababu rangi yote iko kwenye ganda. Kata zabibu ya Cabernet katikati uone: ndani ni kijivu cha kijani.

Tangini, gesi inayotoka huyasukuma maganda juu yakawa kama kifuniko kizito. Mara mbili tatu kwa siku kifuniko hicho lazima kilowe, ama kwa kukisukuma chini kwa mti, ama kwa kuvuta juisi kutoka chini na kuimwagia juu kwa bomba. Ukikuta wanaifanya kazi hii, simama uangalie hata kama mwongozaji wako anataka kuendelea. Povu la zambarau, mvuke, na mtu aliyelowa hadi mabegani. Mvinyo mwekundu huchachuka katika nyuzi 25 hadi 30 kwa wiki moja au mbili. Mweupe hupozwa, taratibu zaidi.

Jambo moja la kufa na kupona: usichungulie kwa kuingiza kichwa ndani ya tangi. Ile gesi ni kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa, haionekani, na imeua watu wenye uzoefu. Usikanyage mabomba ya sakafuni, usisimame nyuma ya fokolifti, na ukiambiwa "rudi" rudi kwanza, uliza baadaye.

Ukipewa juisi inayochachuka uonje, kubali kidogo tu. Ni tamu, ina mapovu, ina mawingu, na tumbo haliipendi kwa wingi. Kisha nenda kwenye mapipa. Pipa la kawaida ni lita 225, karibu chupa 300. Uliza mvinyo uliomo una umri gani, na huu unaochachuka leo utatoka lini. Jibu kwa Cabernet mara nyingi ni miaka miwili au mitatu, na hapo utaelewa kwa nini kila unachoonja mezani ni cha mavuno ya zamani.

8. Mezani

Tema. Ndoo ile iko pale kwa kazi hiyo, na hakuna atakayekudharau. Wataalamu ndio wanaotema zaidi. Aibu ya mara ya kwanza huisha ukishatema mara ya pili. Kama huwezi, mimina kilichobaki na uendelee. Glasi ishike kwenye mguu wake ili mkono usiipashe moto. Nusa kabla ya kuzungusha, kisha baada ya kuzungusha, uone tofauti. Na uutafute ule mkwaruzo wa ganda uliousaga shambani.

Nyigu wa vuli wanapenda mvinyo mtamu. Mkikaa nje, funika glasi kwa kiganja na uchungulie kabla ya kunywa.

Asiyekunywa ana nafasi pia. Mwambie mwenyeji mapema. Viwanda kadhaa vitampa juisi ya zabibu au kumtoza kidogo, na matembezi ya shambani na kiwandani hayahitaji kilevi hata tone. Calistoga ina chemchemi za maji ya moto na mabafu ya matope kwa wale waliochoka kusikia habari za mapipa.

9. Moshi na moto

Vuli ndiyo msimu hatari wa moto California, kwa kuwa mvua haijanyesha tangu masika na upepo mkavu hushuka kutoka bara. Oktoba 2017 moto ulioanzia karibu na Calistoga ulifika hadi ndani ya mji wa Santa Rosa kwa usiku mmoja. Septemba 2020 moto mwingine uliteketeza viwanda na mashamba karibu na St. Helena, na moshi wa mwaka huo uliwafanya baadhi ya wazalishaji wasitengeneze mvinyo mwekundu kabisa, maana ganda hunyonya moshi na mvinyo ukatoka na ladha ya majivu.

Kwa hiyo buku malazi yanayokubali kughairiwa. Asubuhi angalia kipimo cha uchafu wa hewa kwenye tovuti ya serikali ya AirNow. Kikipita 150, matembezi ya nje yaahirishe. Jisajili kupokea arifa za dharura za kaunti kwa simu, weka tangi la mafuta likiwa juu ya nusu, na beba pesa taslimu kidogo, kwani siku za upepo mkali umeme hukatwa makusudi ili nyaya zisiwashe moto. Ukiambiwa uhame, hama.

10. Kununua na kubeba

Nunua ulichokipenda asubuhi, usinunue ulichokipenda saa kumi jioni. Andika noti kwenye simu baada ya kila kituo, maneno matatu tu, kisha amua siku inayofuata; karibu kila kiwanda kitakuuzia kwa ujumbe. Pendelea chupa zisizouzwa nje ya kiwanda, kwani zile za madukani utazikuta madukani, mara nyingine kwa bei ndogo zaidi. Ukishawishiwa kujiunga na klabu ya wanachama kwa sababu ya punguzo, uliza kwanza inatuma chupa ngapi kwa mwaka, na kama inatuma nje ya Marekani.

Chupa moja iliyojaa ina uzito wa kilo moja na robo hivi. Sanduku la 12 ni kilo 15 na kitu, na linapita kwenye ndege kama mzigo wa chini. Chini ya asilimia 24 ya kilevi usalama wa anga wa Marekani hauweki kikomo cha idadi, ila forodha ya unakokwenda ina chake, kisome kabla. Kuna masanduku ya povu yenye vitundu vya chupa, viwanda vingi huyauza. Bila hilo, soksi nene mbili kwa kila chupa, katikati ya begi, mbali na kingo.

Adui mkubwa kuliko mbeba mizigo ni buti la gari. Gari lililoegeshwa juani wakati unakula chakula cha mchana hupika mvinyo, kizibo kikasukumwa juu na pembeni pakavuja. Nunua kisanduku cha baridi cha bei rahisi siku ya kwanza, tia vifuko viwili vya barafu, egesha kivulini. Ukifika nyumbani zilaze chupa mahali penye giza wiki mbili tatu zipumzike na safari, na ukifungua ya kwanza uanze na ile ya kiwanda ambako uliiona povu la zambarau.